Tairi za Wanyoike

Gari la marehemu Wanyoike lilikuwa limetupwa nyuma ya kituo cha polisi cha Nakuru, kati ya pikipiki zilizokamatwa na lori lililoota nyasi mpaka kwenye injini. Lilikuwa Subaru Impreza ya buluu, na upande wa dereva ulikuwa umebondeka hata usingeamini kwamba mtu aliwahi kukaa pale. Inspekta Fancy Jepkemboi alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, uso karibu uguse raba, viatu vimezama matopeni. Askari wawili wa zamu walisimama kwenye veranda wakimtazama na kucheka chinichini.

"Madam, hiyo haiponi," mmoja alimtupia. "Ita tu watu wa skrepu."

Jepkemboi hakugeuka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kisirani kingi, na asubuhi hiyo kisirani kilikuwa na sababu. Kesho yake muuza tairi mmoja wa mtaa wa Bondeni, Dalmas Oduor, angerudishwa mahakamani kusomewa mashtaka ya kuua bila kukusudia, na yeye ndiye aliyetakiwa kulifunga faili.

Faili lenyewe lilisomeka kirahisi mno. Wanyoike alikuwa meneja katika shamba la maua Naivasha, na kila siku ya kazi alishika barabara kuu kutoka Nakuru kwenda na kurudi. Siku aliyokufa mvua ilikuwa ikinyesha. Kabla ya kufika Gilgil gari lilipoteza barabara kwenye maji, likajizungusha, likaingia chini ya lori lililokuwa likipanda kutoka Mai Mahiu. Trafiki walipokagua waliona tairi zote nne zilikuwa kuukuu zilizochongwa, yaani zile zilizokwisha kabisa, mtu akapitisha kisu cha moto kuzichora mifereji upya, kisha akazipaka rangi nyeusi zing'ae. Mjane wa Wanyoike, Wamaitha, akaja kituoni akilia kwamba mumewe alikuwa amenunua tairi nne mpya kwa Dalmas majuzi tu. Basi. Nani asiyejua ujanja wa wauza tairi? Dalmas alikamatwa siku hiyohiyo, na kabla jua halijatua vijana walikuwa wamevunja duka lake na kubeba kila kilichobebeka.

"Jepkemboi, bado unapigia hizo tairi magoti?" Chifu Inspekta Naftaly, mkuu wake, alikuwa ametokea nyuma na kikombe cha chai. "Mtu aliuza takataka, mteja akafa. Unatafuta nini tena?"

"Afande, kuja uone hii valvu."

Naftaly aliinama kwa shida, kwani tumbo halikumruhusu mengi. Kidude kile cha kujazia upepo kilikuwa cheusi, laini, bila ufa hata mmoja.

"Ni mpya," alisema.

"Zote nne ni mpya. Sasa niambie, mtu anayekuuzia tairi za kuchongwa, atakuwekea valvu mpya kwa nini? Na hapa." Alielekeza kidole kwenye ukingo wa rimu, mahali ambapo rangi ilikuwa imekwaruzwa mpaka chuma kikaonekana. "Hii ni mikwaruzo ya vyuma. Mtu alibandua tairi kwa mkono, akitumia nguvu. Nimeenda kwa duka ya Dalmas. Walivunja milango lakini mashine ya kutoa tairi iliwashinda kubeba, bado iko. Mashine haiachi alama kama hizi."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo Dalmas aliweka tairi mpya. Mtu mwingine akazitoa."

Naftaly alikunywa chai yake polepole. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda sana faili lililofungwa. "Korti ni kesho asubuhi," alisema. "Ukiniletea jina leo, nitasikia. Usiponiletea, huyo Dalmas anaenda."

Kwenye benchi la mbele, mke wa Dalmas, Anyango, alikuwa amekaa na kikapu cha chakula ambacho hakuna aliyekipokea. Jepkemboi alimpita bila kumtazama. Alijua akimtazama angemwahidi kitu, na hakuwa na cha kuahidi.

Dalmas aliletwa ofisini bila mshipi wala kamba za viatu, jicho moja limevimba. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Niambie vile Wanyoike alichagua hizo tairi," Jepkemboi alianza.

"Madam, nimesema mara ngapi?"

"Mimi hujaniambia."

Dalmas alishusha pumzi. "Huyo jamaa alinisumbua. Alikuja, akaenda, akarudi. Alikuwa anataka tairi moja ifanye kazi zote, na hakuna kitu kama hiyo. Nikamwambia, boss, kuna tairi ya kudumu na kuna tairi ya kushika. Kama wewe ni highway kila siku, chukua raba ngumu, itakula kilomita mpaka uisahau. Lakini ikinyesha, usiiamini. Ukitaka kukata kona, chukua laini, lakini hiyo inaisha mbio."

"Akasema?"

"Akacheka. Akasema Monday mpaka Friday yeye ni mtu wa kazi, lakini Saturday anashuka escarpment ya Mai Mahiu kunyoosha gari. Anapenda kona, huyo. Basi tukakubaliana ya katikati. Mifereji mipana itupe maji nje, na ubavu mgumu ndio isilale kwa kona. Nikamwekea zote nne, na valvu mpya, na balansi. Akaenda kujaribu, akarudi tena, mimi nikafikiri ni malalamiko." Dalmas aligusa lile jicho lililovimba. "Kumbe amerudi kunisalimia tu. Akaniambia, sasa hii gari inanisikia."

"Kuna mtu mwingine alimuona akifungiwa?"

"Bondeni nzima ilimuona. Ni hao hao walivunja duka yangu."

Jepkemboi alimtazama. Alikuwa amehoji waongo wengi, na waongo huwa na haraka ya kukuaminisha. Huyu alikuwa ameshakata tamaa ya kuaminiwa, na hilo lilimuuma Jepkemboi kuliko lile jicho lililovimba.

Nyumbani kwa marehemu, upande wa pili wa mji, viti vya plastiki vya matanga bado vilikuwa vimepangwa ukutani. Wamaitha alimkaribisha bila tabasamu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alizungumza kama mtu anayejizuia asipige kelele darasani.

"Mmemfunga huyo mtu wa tairi ama mnataka nirudie story yote?"

"Nataka kuuliza kitu kidogo tu. Gari ilikuwa inaoshwa wapi?" Jepkemboi alikuwa na dhana yake. Alishawahi kushughulikia kesi za waosha magari wanaobadilisha vifaa vya watu wakati mwenyewe anakunywa soda.

"Car wash?" Wamaitha alicheka bila furaha. "Wanyoike apeleke hiyo gari car wash? Alikuwa anaiosha mwenyewe, na kitambaa chake ambacho mimi siruhusiwi kugusa. Mimi ni bibi yake na hajawahi kunipa hiyo key. Nilikuwa namwambia ameoa bibi wawili."

Dhana ya waosha magari ikafia hapo. Jepkemboi hakusikitika sana, kwani hata njiani ilikuwa imeanza kumlegea. Mwizi wa tairi hubeba magurudumu mazima na kukuachia gari juu ya mawe. Huyu alikuwa amebandua raba peke yake, akavisha rimu raba nyingine ya saizi ileile, akairudishia rangi nyeusi, kisha akarudisha gari mahali pake. Mtu wa namna hiyo hataki mwenye gari ajue.

"Ile asubuhi, mliongea?"

"Alinipigia kabla atoke. Walikuwa wameitwa kazini, cold room ilikuwa imeharibika na maua inaoza. Ilikuwa siku ya off yake. Nikamwambia kuna mvua mbaya, aende pole pole. Akaniambia nisijali, ako na viatu vipya." Machozi yalimtoka, naye akayaacha yashuke. "Viatu vipya. Huyo mtu wa Bondeni alimuuzia kifo, na bwanangu akaenda akimsifu."

Jepkemboi aliacha kuandika. Kwa hiyo Wanyoike hakujua. Asingeweza kumwazima mtu tairi zake halafu aseme vile. Alikuwa ameingia kwenye maji kwa mwendo wake wa kawaida, akiamini kilicho chini yake.

"Umesema alikupigia. Kwani hamkulala pamoja?"

"Alilala kwa mum yake, huko Bahati. Mum alikuwa amemuita jioni wakule pamoja, halafu akamwambia alale kwa sababu ya mvua." Wamaitha alifuta uso. "Hata traffic hawakuniuliza hiyo. Ni muhimu?"

"Na mum, yeye angepewa key?"

Wamaitha alimtazama kama aliyeulizwa swali la kijinga. "Mum? Mum angepewa hata figo. Lakini mum hajui kuendesha."

Bahati ilikuwa imenyeshewa asubuhi na sasa jua lilikuwa likiitoa ardhi mvuke. Njia nzima Jepkemboi alijaribu kutafuta maelezo mengine, na kila alilolipata halikusimama. Kwenye lango la nyumba ya Mama Wariara, mamake marehemu, alimkuta kijana akifuta kioo cha matatu, Noah nyeupe yenye mstari wa manjano ubavuni. Kabla hajabisha hodi alikuwa ameshaziona tairi.

Zilikuwa na mifereji mipana. Ubavu ulikuwa mgumu, wenye ukingo mnene wa kukinga rimu, kama Dalmas alivyoueleza. Jepkemboi aliinama akasoma saizi, kisha tarakimu za mwaka wa kutengenezwa. Saizi ilikuwa ileile ya Subaru na mwaka ulikuwa huu. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na kibandiko kipya cha ukaguzi wa magari.

"Niaje," alimwambia yule kijana. "Unaitwa nani?"

"Maxwel. Mimi ndio dere wa hii gari." Mkono wake wenye kitambaa ulikuwa umesimama.

"Maxwel, mimi ni Inspekta Jepkemboi, natoka Nakuru. Hii gari ilipita inspekshen lini?"

Maxwel alitazama mlango wa nyumba, kisha akatazama chini.

"Ilianguka mara ya kwanza," alisema. "Tairi zilikuwa zimeisha. Mathe hakuwa anataka gari ikae, ndio inamlisha. Tukazichonga kwa jamaa ya puncture hapo center, tukapaka rangi, tukarudi, ikaanguka tena. Madam, kila mtu anafanya hivi. Unaazima tairi za mtu, unapita, unarudisha. Ni kitu ya siku moja."

"Unaazima. Mliazima?"

Machozi yalikuwa yamemshuka.

"Nani alikupa key?"

"Mathe alimwambia Wanyoike ati naenda kumuoshea gari ndio isikae na matope. Tukabadilisha jioni hapo center, wao wakikula. Kesho yake ilikuwa off yake, hatatoka. Mimi asubuhi na mapema niende inspekshen, nirudi, turudishe kabla aamke vizuri. Niliporudi na sticker..." Alishika paji la uso. "Niliporudi nilipata Subaru haiko."

Watu wa eneo lile wote walijua mchezo huo. Katika kila foleni ya ukaguzi kuna magari yaliyovaa tairi za jirani, za shemeji, za kukodi, na jioni kila raba inarudi kwa mwenyewe na kila mtu anaendelea kuendesha tairi zake zenye upara. Jepkemboi mwenyewe alishaona na kunyamaza. Alihisi hasira ikimpanda, na asingeweza kusema yote ilikuwa ya Maxwel.

Mama Wariara alikuwa jikoni, amejifunga leso nyeusi. Alikuwa mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka kama wa watu waliozoea kubeba mizigo kichwani. Aliposikia neno polisi alivuta kiti, akampa mgeni, kisha akamimina chai bila kumwaga hata tone.

"Mum, nimeona tairi," Jepkemboi alisema.

Mama aliweka birika chini. Alikaa. Nje Maxwel alisikika akipenga kamasi.

"Kijana yangu alikuwa anajua gari," alisema hatimaye. "Tangu akiwa mdogo. Ukikanyaga breki vibaya anakuambia akiwa huko nyuma. Yeye aliona. Lazima aliona hizo si zake. Akaamua kwenda tu."

Jepkemboi alielewa kwamba hayo ndiyo maneno mama huyu alikuwa amejifunika nayo tangu mazishi, na kwamba yalikuwa yanamwezesha kuamka asubuhi. Angeweza kumwachia. Lakini mahali fulani Nakuru, Anyango alikuwa bado amekaa kwenye benchi.

"Hakuona, mum. Zilikuwa zimepakwa rangi, kulikuwa na giza na mvua. Alimpigia Wamaitha akamwambia ako na tairi mpya. Alienda akiziamini."

Mama Wariara alifunga macho. Mikono yake ilitafuta kitu mezani, ikapata kitambaa cha birika, ikakikunja na kukikunjua.

"Mimi nilimuita ale," alisema. "Nilimpikia mukimo. Nilimuita kwa sababu ya hizo tairi, na yeye akafikiri nimemkosa. Alikula akaniambia, mum, nitakuwa nakuja kila wiki."

"Kwa nini hukumuomba tu? Angekupa."

"Angenipa, halafu aninunulie zingine. Alikuwa amenunua hiyo Noah. Alikuwa amejenga hii jikoni. Niliona haya kumuomba tena." Alifungua macho, na yalikuwa makavu. "Ilikuwa siku moja tu."

"Na baadaye? Mbona hukusema? Kuna mtu amelala selo kwa sababu yako."

"Nilikuwa niseme siku ya mochari. Lakini tulienda mochari na hiyo hiyo Noah. Wamaitha alikaa mbele, na mimi nyuma yake, na watoto. Alikuwa amenishika mkono. Nikasema nitamwambia tukizika. Tukazika." Alisukuma kikombe chake mbali. "Yeye ndiye ananiletea dawa ya pressure. Kila jioni ananipigia. Nikimwambia, nitakuwa nimepoteza kijana na hao watoto, wote mara moja. Huyo wa tairi simjui. Nisamehe Mungu, nilisema heri yeye."

Alisema hivyo waziwazi, bila kujitetea, na Jepkemboi alishindwa kumkemea. Alishindwa pia kumhurumia kama alivyotaka. Fikra yake ilikuwa inarudi kwa jicho la Dalmas lililovimba.

"Mum, itabidi uje Nakuru uandikishe. Wewe na Maxwel, na tutachukua hiyo Noah. Nitamtuma mtu kwa huyo wa puncture."

"Wamaitha atasikia kwa polisi?"

"Leo. Ama asikie kwako."

Mama Wariara alinyoosha mkono kwenye rafu, nyuma ya kopo la majani chai, akatoa simu ndogo. Aliishika mpaka taa yake ikazimika, akaiwasha tena. Alipobonyeza namba aliiweka mezani, kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri na alizoea kuongea sauti ikiwa nje.

Iliita kidogo tu.

"Mum!" Sauti ya Wamaitha ilijaa jikoni, laini kabisa, si ile aliyompa inspekta. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kitu. "Nilikuwa nataka kukupigia. Umekula? Umemeza dawa?"

"Wamaitha," mama alisema. "Huyo mtu wa tairi, mwambieni aende kwake. Hakufanya kitu. Ni mimi."

"Ni wewe nini, mum?"

Mama alijaribu kwa Kiswahili, likamshinda neno la kwanza. Akabadilisha, akaanza upya kwa Kikuyu, polepole, kama anayemsimulia mtoto. Jepkemboi alikuwa Mkalenjin na Kikuyu chake kilikuwa cha sokoni. Alisikia Bahati. Alisikia mukimo, na Maxwel, na tairi. Wamaitha aliuliza kitu mara moja, kwa sauti ya chini, na mama akajibu ndiyo. Watoto walikuwa bado wanagombana. Kisha Wamaitha akalia, kilio kirefu kilichowanyamazisha watoto, na mama akaendelea kukaa palepale na mikono juu ya meza, akimsikiliza, bila kukata simu na bila kumwomba chochote.

Jepkemboi alitoka nje. Maxwel alikuwa amekaa chini kando ya gurudumu, amejifunika uso. Alimpita, akasimama langoni, akampigia mkuu wake.

"Afande, mfungulie Dalmas. Bibi yake ako hapo kwa benchi, mwite amchukue."

"Umepata jina?" Naftaly aliuliza. Alisikika akivuta karatasi. "Haya, nipe. Naandika nani?"

Kutoka jikoni kilio kilikuwa bado kinasikika, kimepungua na kuwa chembamba kwenye kile kisimu.

"Andika Wariara," Jepkemboi alisema. "Uhusiano na marehemu, andika mama mzazi."